Kupeleka Kikundi Gede: Nyumba za Kale na Matembezi ya Msituni

Mara ya kwanza nilipopeleka watu Gede tulikuwa thelathini na wawili. Tulifika saa sita u nusu mchana, jua limesimama utosini, na saa nane tulikuwa tumesharudi garini. Kila mtu alikuwa na picha. Tulipokuwa njiani kurudi Mombasa, shangazi yangu, ambaye alikuwa ameweka kando pesa za mahamri yake miezi mitatu ili aje, aliniuliza: "Mwanangu, kwani wale watu walikuwa wakilala wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezunguka nyumba zote bila kuuliza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi kama ile yangu: kuandaa safari ya siku moja ya chama, ya ukoo, ya madrasa, ya jumuiya ya kanisa au ya majirani wa mtaa. Nimeuandika kwa mtu anayetokea Mombasa. Anayetokea Malindi au Kilifi apunguze saa za barabarani tu.

Kwanza, jua unapowapeleka watu. Gede ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu, kilomita kama 16 kabla ya kufika Malindi. Watu waliishi hapo tangu karne ya 12 hivi, mji ukanawiri katika karne ya 14 na ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Msitu ukaingia ndani ya nyumba. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, alifika na kuyaona magofu. Mwaka 1927 serikali ikayaweka chini ya ulinzi, na kuanzia 1948 mwanaakiolojia James Kirkman akachimba hapo kwa miaka kumi. Leo magofu yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiwaambia watu wako haya kabla ya kuondoka, hata kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, watafika wakiwa na maswali yao.

Hatua ya 1: Punguza idadi

Watu kumi na wanne, wanaojaa matatu moja, ndio kipimo changu. Vyumba vya Gede ni vyembamba na vichochoro vyake ni vya mtu mmoja mmoja. Kikundi kikizidi hapo, walio nyuma hawamsikii mwelekezi. Wanaanza kupiga soga, na siku imekwisha. Ikibidi muwe wengi, gawanyeni makundi mawili, kila moja na mwelekezi wake. Moja lianzie kwenye nyumba, jingine lianzie msituni, mpishane katikati.

Kabla ya kupanga chochote, uliza nani ana tatizo la goti, nani ana presha, nani anakuja na mtoto wa mgongoni. Mwendo wa siku nzima utapangwa na huyo anayetembea polepole kuliko wote. Njia za ndani ni tambarare kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mzee anayejikongoja na bakora anaweza kufurahia, ila vizingiti vya milango viko juu na mizizi imetapakaa. Mpe kijana mmoja kazi ya kuwa naye siku nzima, na mwambie kijana huyo mapema.

Hatua ya 2: Chagua siku

Aprili na Mei ziache. Ni masika, mawe yanateleza na mbu ni wengi mno. Januari na Februari jua ni kali, ingawa chini ya miti kuna nafuu. Mimi hupenda Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, upepo unapokuwa baridi na hata wazee hawachoki upesi.

Katikati ya muhula wa shule utakutana na mabasi ya wanafunzi. Si jambo baya, watoto wana haki yao, lakini kelele zao na utulivu wa msitu havikai pamoja. Piga simu uulize siku gani hawatarajii wanafunzi. Na kama kikundi kina Waislamu, Ijumaa inabana: mtakatiza matembezi ili kuwahi sala. Jumamosi ni bora.

Hatua ya 3: Kusanya pesa mapema, na ugawanye vizuri

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjika. Makosa ya kawaida ni kuchukua bei ya gari na kuigawanya kwa idadi ya viti. Siku ya safari watu wawili wanapata msiba, mmoja anaumwa, na mwandaaji anabaki na deni.

Gawanya kwa watu wachache kuliko viti. Chukua mfano: gari limekodiwa kwa shilingi 15,400 na lina viti 14. Ukigawanya kwa watu 11, kila mmoja anatoa 1,400. Wakija 13, mna akiba ya 2,800, na hiyo ndiyo pesa ya mwelekezi, ya maji ya ziada, au ya kumrudisha mtu aliyeugua. Nusu ya mchango ilipwe wiki tatu kabla na isirudishwe. Lisemeni hilo wazi kwenye kikao, mweka hazina akiwepo, liandikwe. Haya ni machungu kuyasema kwa jamaa, lakini ni machungu zaidi kudaiana na jamaa.

Kiingilio ulizia wiki hiyohiyo, maana hubadilika, na kuna bei tofauti kwa raia, kwa watu wa Afrika Mashariki, kwa wageni na kwa watoto. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Siku hizi malipo ya serikali yanapitia mtandaoni, kwa hiyo ulizia utaratibu mkiwa bado nyumbani, msije mkasimama langoni mtandao unasumbua na watoto wanalia kiu.

Hatua ya 4: Gari na saa

Kutoka Mombasa hadi Gede ni kilomita kama mia moja. Kwa karatasi ni saa mbili. Foleni ya magari Mtwapa wakati mwingine inakula saa nzima peke yake. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi kamili. Watangazieni watu saa kumi na moja u nusu.

Mwambie dereva mapema kwamba atawasubiri hadi jioni na kwamba chakula chake kimo. Safari moja dereva aliyekodiwa alidhani ni kushusha na kuondoka, akaenda kutafuta abiria wengine, tukakaa kando ya barabara hadi magharibi. Tangu hapo mapatano huwa kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani anaweka mafuta.

Wasio na gari la kukodi wapande matatu ya Malindi, washukie njia panda ya Gede, kisha tuktuk au bodaboda hadi langoni. Ni karibu sana. Wenye miguu mizuri hutembea.

Hatua ya 5: Mzigo

Viatu vilivyofunika vidole. Hili silijadili. Kuna mawe makali, kuna siafu, na kandambili zimewaangusha watu wengi. Suruali au gauni refu, dawa ya mbu, kofia. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Leso mbili tatu za kukalia. Sanduku dogo la huduma ya kwanza lenye bandeji, dawa ya kidonda na dawa za maumivu. Wanaotumia dawa za kila siku wabebe zao.

Chakula kiacheni garini, kimefungwa. Msitu wa Gede una kima na tumbili wengi, na wamekwisha kuwazoea watu; ukitoa andazi mfukoni halifiki mdomoni. Tusiwalishe pia, hata wakituangalia kwa macho ya kuomba. Kima aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya, na mwishowe anayeumwa ni mtoto.

Hatua ya 6: Langoni

Nendeni msalani kwanza, wote. Kisha chukueni mwelekezi. Najua kuna watakaosema tuna ramani na simu, lakini kuta za Gede hazijisemi zenyewe, na wengi wa waelekezi ni wenyeji waliokulia karibu na msitu huo. Mwambie mwanzoni kwamba hamna haraka na kwamba mnataka nyumba chache zilizoelezwa vizuri. Wengi hufurahi kusikia hivyo.

Makumbusho madogo yaliyo karibu na lango yaacheni hadi mwisho. Wengi huanzia hapo, mimi nimejaribu njia zote mbili. Mkasi uliopata kutu ndani ya kabati la kioo hauna maana yoyote kwako hadi uwe umesimama ndani ya chumba ulimookotwa.

Hatua ya 7: Nyumba

Hapa ndipo penye siku yenyewe. Tengeni saa mbili.

Anzeni na kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mpe mtu anayesoma Kiarabu ajaribu. Kwa muda wa kikundi kizima kusimama pale kimya, ile karne ya 14 huacha kuwa namba.

Kisha Msikiti Mkuu. Simameni mbele ya mihrabu mtazame mahali palipopachikwa bakuli za kaure. Nje kuna kisima na sehemu ya kutawadhia. Msikipite haraka kisima hicho, maana ndani yake kuna sehemu ya jibu la swali ambalo kila mtu atauliza: kwa nini waliondoka? Kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena kwenda chini zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yakishuka. Mji usio na maji ya kutosha haukai. Ongezeni juu yake vurugu za mwisho wa karne ya 16: Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, walioshambulia pwani mwaka 1589, sultani wa Malindi kuhamia Mombasa mwaka 1593, na baadaye Waoromo waliokuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Hakuna sababu moja. Washikeni watoto mkono karibu na kila kisima. Ni virefu, na kingo zingine ziko chini.

Kutoka msikitini ingieni kasri. Msikimbilie kupiga picha kwenye lango lake la upinde, ingawa ni zuri. Waombeni watu wahesabu viwanja vya ndani, wajaribu kubahatisha wageni waliishia wapi na wanawake wa nyumba walianzia wapi. Mwelekezi atawaonyesha chumba kisicho na mlango: kilikuwa ghala la vitu vya thamani, na mtu alishukia humo kutoka juu. Watoto hupenda chumba hiki kuliko kitu kingine chochote Gede.

Baada ya kasri, chagueni nyumba tatu tu. Kirkman alizipa majina kutokana na vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe za Ndovu, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kauri (zile simbi za baharini) na nyinginezo. Yatajeni majina haya mkiwa mmesimama kizingitini, kwa sababu yanaeleza mji mzima: kaure kutoka China, ushanga kutoka Venice, pembe kutoka bara. Hata hivyo, Wareno walikaa jirani, Malindi, kwa karibu karne nzima, na Gede haimo katika habari walizotuachia.

Ndani ya nyumba fanyeni hivi. Mtu mmoja mrefu asimame katikati ya chumba anyooshe mikono, mwingine aongezee upande wa pili. Mtaona vyumba vyote vina upana uleule mdogo, ingawa urefu wake unatofautiana. Sababu ni boriti. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo cha urefu wa kubeba uzito ule. Kwa hiyo tajiri aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakuweza kukipanua. Mwenye kuzijua nyumba za kale za Lamu atakuwa anatikisa kichwa kukubali: ni ujenzi uleule, kutoka uwanja wa ndani unaingia chumba kirefu, kisha unapita kwenda vyumba vya nyuma, kila hatua ukiingia zaidi katika siri ya wenye nyumba. Choo kimo ndani ya nyumba, na mahali pa kujisafishia kwa maji pamo pia. Karne ya 15!

Safari ya pili nilimrudisha shangazi yangu. Tulipofika chumba cha nyuma cha nyumba moja, mwelekezi akasema hapa ndipo walipolala. Shangazi akaingia, akapitisha kiganja ukutani polepole, penye lipu iliyobaki laini, kisha akatandika leso chini, akaketi. "Joto la mchana haliingii humu," akasema. Tukaketi naye, wote kumi na mmoja, karibu robo saa. Sijawahi kuandaa robo saa nzuri kuliko hiyo.

Kanuni za nyumbani: hakuna kupanda ukuta, hakuna kuketi juu ya ukuta, hakuna kuokota kigae hata kiwe kidogo namna gani. Chokaa ya miaka mia tano huporomoka kwa mguu mmoja. Na sauti ishuke. Wenyeji wengi wa pale wanaamini mahali hapa pana wenyewe. Uamini usiamini, ni msikiti na ni makaburi.

Hatua ya 8: Msitu

Gede ina kuta mbili za mji, moja ya ndani na moja ya nje, na eneo lote lililozungukwa ni kama ekari 45. Kati ya kuta hizo msitu ni mnene, na kuna njia ya kutembea. Hapa badilisheni mwendo kabisa. Simu mifukoni. Tembeeni mstari mmoja, hatua ya mtu na mtu kama mita mbili, na kila baada ya dakika tano mwelekezi asimamishe kikundi kwa dakika moja ya kimya.

Katika dakika hiyo ndipo mnaweza kumsikia sange. Ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na matako ya manjano kama aliyekalia dhahabu. Sange wa aina hii anaishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke na vipande vya msitu vya jirani kama hiki. Hufukua majani makavu kutafuta wadudu, kwa hiyo utasikia mchakacho kabla ya kumwona. Mkisikia, gandeni. Akishtuka anaondoka kama mshale. Katika safari sita nimemwona mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa asubuhi na kikundi kilikuwa kidogo.

Tazameni juu pia: hondohondo hupita juu ya vilele kwa kishindo cha mbawa, na kima huruka kutoka mbuyu hadi mbuyu. Muulizeni mwelekezi majina ya miti kwa Kigiriama na matumizi yake. Kama kuna mzee katika kikundi chenu anayejua dawa za miti shamba, mpeni nafasi azungumze. Mahali mizizi imekumbatia ukuta simameni mwangalie vizuri: mti huohuo unaoupasua ukuta ndio unaouzuia usianguke. Watunzaji wana kazi ngumu ya kuamua upi ukatwe na upi uachwe.

Hatua ya 9: Vipepeo, sala, chakula

Ndani ya eneo hilohilo upo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na wakishajifunga kabla ya kugeuka vipepeo huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima anayepata karo ya mtoto kutokana na kipepeo ana sababu ya kutaka msitu ubaki. Ingieni kama saa tano, jua likiwa limepanda, maana kipepeo akiwa na baridi hutulia tu jani­ni. Ulizeni kama wana asali.

Baada ya hapo ingieni makumbusho kwa nusu saa. Sasa mtaona watu wakiitana: "Njooni, kile cha nyumba ile kiko hapa!"

Wanaosali waelekee msikitini mjini Gede, wengine watandike leso na kutoa chakula, mbali na kima. Mbaazi kwa mahamri hukaa vizuri hadi mchana. Nyama ya nazi msiibebe, joto litaiharibu. Madafu yanauzwa barabarani.

Nguvu zikibaki, kuna mambo mawili karibu. Moja ni daraja la mbao kwenye mikoko ya Mida, zuri kwa watoto, ila ulizeni kwanza maji yamejaa au yamekupwa. Jingine ni Arabuko-Sokoke wenyewe, msitu wa kilomita za mraba kama 420, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki. Huo unataka siku yake na mwelekezi wake. Msiusukumize mwishoni mwa siku ya watu waliochoka.

Saa tisa u nusu ingieni garini. Hesabu watu kwa majina, si kwa vichwa. Niliwahi kuhesabu kumi na wanne sawasawa, kumbe mmoja alikuwa rafiki wa dereva aliyeomba kushushwa Kilifi, na binti mmoja wa kwetu alikuwa bado msalani. Simameni Kilifi mnunue korosho kabla giza halijaingia. Na gari likishaondoka hapo, mkiwa na saa nzima mbele yenu kabla ya Mtwapa, waulize watu swali moja moja: wewe ungelala chumba gani?